Mama kabadilishiwa valvu ya moyo, siku ya tatu mapigo yamevurugika, sababu ni nini?

mtoto_wa_biasha:
Wakuu shikamooni, naomba msaada. Mama ana miaka 63, kabadilishiwa valvu ya mitrali (mlango wa damu kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo), jana alikunywa uji na kuongea vizuri tu, leo siku ya tatu naambiwa mapigo yamefika 140 tena hayana mpangilio na karudishwa ICU. Daktari kasema hutokea ila hakufafanua. Operesheni imeharibika au tumekosea wapi?

nesi_mstaafu:
Marahaba mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi ICU ya moyo miaka mingi, hiyo naijua, inaitwa atrial fibrillation, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, siku ya pili mpaka ya nne ndo wakati wake hasa. Wanaopasuliwa moyo karibu watatu kwa kila kumi inawapata, wa valvu ndo zaidi, haina maana valvu imegoma.

Kwanza umri, huo ndo mkubwa kuliko yote. Halafu mitrali ikibana miaka na miaka (huku kwetu wengi inaanzia kwenye homa ya baridi yabisi ya utotoni, zile tonsesi zilizopuuzwa) damu inarundikana nyuma yake, chumba cha juu kushoto kinatanuka, na kikishatanuka umeme wa moyo unapoteza njia. Sasa weka na moyo wenyewe bado una uvimbe wa kisu, na dawa za kukojoza zinashusha potasiamu na magneziamu. Presha, unene na mapafu mabovu navyo vinachangia. Mama alikuwa anatumia dawa gani kabla?

mtoto_wa_biasha:
Bisoprololi, ile ya kupunguza kasi ya mapigo, ila toka atoke theata sijaona akipewa.

nesi_mstaafu:
Hilo kaulize leo leo, usione aibu. Dawa za jamii hiyo zikikatwa ghafla moyo unakimbia.

babu_kigamboni:
Mimi nilifanyiwa bypass (operesheni ya kuupa moyo njia mpya ya damu pale mshipa ulipoziba), usiku wa pili nikahisi kama kuna kuku anapapatika kifuani, nikajua ndo naenda. Nikawekewa dripu ya amiodaroni, dawa ya kurudisha mpangilio wa mapigo, baada ya siku mbili kukatulia. Laiti ningeambiwa mapema nisingeogopa vile.

nesi_mstaafu:
Na wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akiandikiwa asiruke hata siku moja, kipimo cha INR (kinaonyesha damu inachukua muda gani kuganda) mumpeleke kila akipangiwa. Damu ikituama kwenye kile chumba inaganda, bonge likipanda kichwani ni kiharusi.

mtoto_wa_biasha:
Asanteni sana. Nimeuliza, potasiamu ilikuwa chini, 3.1, wanamwongezea kwa dripu, bisoprololi imerudishwa mchana huu. Saivi mapigo 98, kaniomba chai.