Nafanyia kazi nyumbani, lakini nyumba inaimeza kazi. Naombeni ushauri

Binti Segerea

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia hili, maana juzi nimelia bafuni huku bomba liko wazi ili mama asinisikie.

Mimi ni mtunza hesabu. Tangu mwaka jana naifanyia kazi ofisi moja ndogo ya Toronto, mimi nikiwa hapahapa Tabata Segerea, Dar es Salaam. Wananitaka hewani saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, kwao ni asubuhi. Saa nne nyingine napanga mwenyewe, ilimradi wakifungua ofisi wakute ankara zote zimeingizwa. Nikajipangia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, mtoto akiwa chekechea.

Hizo saa za asubuhi ndizo zinaniua. Chukueni jana tu. Saa 3 na dakika 10 mama ananiita nimsogezee kiti juani (alikuja kutoka Same kutibiwa goti, tupo naye tangu Februari). Sijakaa sawa, fundi bomba anagonga geti. Saa 4 jirani ananiachia kichanga, "nafika sokoni mara moja", karudi saa 6 na nusu. Uji niliomimina saa 3 nimeukuta saa 7 umeota utando, kikombe kimeacha duara la maji juu ya daftari. Ankara zilikuwa sitini, nilikuwa nimeingiza kumi na moja. Zilizobaki nimezifanya usiku, saa 4 hadi saa 8.

Kila mtu anaanza na maneno yaleyale: "Kwa kuwa upo tu nyumbani..." Mume wangu ananipenda na ananisaidia sana, lakini hata yeye hunipigia mchana kunituma benki. Shingo inauma. Siku ya nne leo sijatoka nje ya geti. Na mama siwezi kumwambia asiniite. Ni mama yangu, tena mgonjwa.

Wenzangu mnawezaje? Au nirudi tu ofisini kwa mshahara wa zamani?

Mzee wa Sakina

Pole sana dada. Mimi ni mtafsiri, mwaka wa sita huu nafanyia kazi nyumbani hapa Arusha. Usiache kazi bado.

Watu wa nyumbani hawakusumbui kwa ubaya. Hawaioni kazi yako. Mwenye duka anaonekana akifungua duka, dereva anaonekana akitoka na gari. Wewe wanakuona umekaa unaangalia kioo. Kwangu tunavua viatu mlangoni, hivyo nikanunua jozi moja ambayo haijawahi kukanyaga nje. Nikivivaa nipo kazini, nikivivua nimetoka. Mwanangu wa miaka minne alielewa ndani ya wiki moja, mke wangu alichukua mwezi. Jioni kompyuta naifunika kitambaa na siifunui tena hadi kesho.

Dereva wa Meza

Lipia meza kwenye zile ofisi za kushirikiana, uondoke nyumbani. Ukiwepo wataita tu.

Binti Segerea

@Dereva wa Meza nimewaza sana hilo. Goti la mama haliruhusu kumwacha peke yake tangu asubuhi, na nikimlipa mtu wa kukaa naye, nikaongeza nauli na meza, sibaki na kitu.

Afisa Kazi Mstaafu

Binti, hebu nikupe kipimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa kawaida wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili kupumzika dakika 60. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, saa 12 mfululizo. Na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inahesabiwa kazi ya usiku, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Pengine mkataba wako ni wa kujitegemea, na huyo wa Toronto huwezi kumbana kwa sheria hii. Lakini jipime. Umemaliza saa 8 usiku, ukaanza saa 3 asubuhi. Ni saa 7, na humo ndani ulale, umwandae mtoto, upike chai. Ungekuwa mfanyakazi wangu ningemwita mwajiri wako.

Bi wa Mwembe Tayari

Pole dadangu. Mimi niko Mombasa, mamangu nilimuuguza miaka mitatu nikiwa na kazi ya simu za wateja, nyumbani vilevile. Wanaume wamesema yao, na mimi niseme la mama.

Mama mgonjwa akiita, mara nyingi hahitaji kiti. Yuko ugenini, hana shoga, anasikia vidole vyako vikigonga chumba cha pili. Basi usimfungie mlango. Saa 2 na nusu asubuhi kaa naye kwa chai, mwambie kazi yako ni nini. Mfunulie umwonyeshe ankara ilivyo, mshahara unaingia lini, na kwamba dawa zake zinatoka humo. Mamangu hakuwa akijua, nilipomwambia alinyamaza kitambo kizima.

Kisha mwahidi wakati wa kutokea, na utokee kweli. Kuna Mtaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alijiwekea saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Mimi zile dakika tano nilikuwa namwendea mama. Nampa maji, nageuza mto, narudi. Alipojua nitatokea, hakuita tena ila kwa dharura.

Na geti mwachie yeye. Mzazi akimwambia jirani leo haiwezekani, hakuna wa kununa.

Nesi wa Zamu

Nakazia la Bi wa Mwembe Tayari. Kuhusu shingo: kompyuta ikiwa juu ya meza ya kahawa unaiinamia siku nzima. Iinue juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, utumie kibodi ya pembeni. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike. Kiti chenye mgongo tafuta Keko. Na mtoto kumfuata chekechea nenda kwa miguu wewe mwenyewe. Ganzi ikianza mikononi usikae na uzi huu, nenda hospitali.

Mdau wa Scarborough

Nipo hukohuko Toronto. Kumbuka Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zetu zinarudi nyuma, hivyo zamu yako itakuwa saa 11 jioni hadi saa 3 usiku mpaka Machi. Panga nani atamlaza mtoto kabla hujafika huko.

Binti Segerea

Wiki tatu zimepita, narudi kuwashukuru.

Nilikaa na mama. Nikamwonyesha ankara, ilikuwa ya mbao za duka moja la huko. Akauliza, "Hizi zote unaziandika wewe?" Akaushika mkono wangu. Siku hizi kiti chake anakiweka karibu na geti tangu saa 3, na jana nilimsikia akimwambia jirani, "Yuko kazini, njoo saa 7."

Si kila siku inakaa sawa. Jumatatu umeme ulikatika asubuhi yote nikarudi kwenye usiku. Lakini wiki iliyopita nililala kabla ya saa 5 siku nne. Mume amekubali kumlaza mtoto kuanzia Novemba, benki anakwenda mwenyewe.

Kiti bado. @Nesi wa Zamu, hao wa Keko wanatengeneza kwa oda au nichague vilivyopo?