Wakubwa wakivutana, nchi ndogo zimebakiwa na nini?

Jongeyapwani: Assalaam alaykum wanabaraza. Marekani, China na Urusi kila mmoja anavuta kwake. Visiwa vidogo vina silaha gani zaidi ya kura ya Umoja wa Mataifa? Na Zanzibar tunaingilia wapi? Nataka vitendo, nadharia tushazisikia.

Shumba_Mjini: Waalaykum salaam. Kura hiyo usiidharau, ndugu yangu. Baraza Kuu lina wanachama 193, na anayejizuia hahesabiwi. Mwaka 2017 Mauritius ilipeleka suala la Chagos, visiwa ilivyokuwa ikivigombania na Uingereza: 94 ndiyo, 15 hapana, 65 zikajizuia, nyingi za Ulaya. Likapita. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Ujanja wenyewe: Mauritius iliomba maoni ya ushauri kupitia Baraza Kuu, maana kesi ya kawaida inataka mshitakiwa akubali kushitakiwa, na Uingereza isingekubali. Vanuatu ikapita njia hiyo hiyo kwa mabadiliko ya tabianchi: azimio Machi 2023, maoni Julai 2025.

Mkoani77: Sawa, lakini kura ina gharama. Deni la michango likifikia la miaka miwili, Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinakunyima kura, labda Baraza Kuu likubali kuwa sababu ziko nje ya uwezo wako. Komoro imeomba msamaha huo mara kadhaa, na kiwango cha chini ni 0.001% tu ya bajeti! Halafu kuna uhaba wa watu: nchi yenye maofisa watatu tu New York haiwezi kukaa kamati kuu sita kwa pamoja. Ndiyo maana visiwa vinagawana mazungumzo ndani ya AOSIS, umoja wao wa tangu 1990.

Shumba_Mjini: Kuhusu Zanzibar: mambo ya nje ni ya Muungano. OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, tuliingia 1992, tukatoka 1993. Kwa hiyo mimi ningetazama jodari. Kamisheni ya jodari ya Bahari ya Hindi, iliyoko Shelisheli, inapitisha azimio kwa theluthi mbili, kisha mwanachama ana siku 120 za kupinga. Wapingaji wakizidi theluthi moja ya wanachama, azimio halimfungi yeyote. Lile la Mombasa, Februari 2023, la kudhibiti maboya ya kuvutia samaki, lilikufa hivyo, na Shelisheli na Komoro zilikuwemo kati ya wapingaji, pamoja na Umoja wa Ulaya. Visiwa wenzetu hao!

Jongeyapwani: Tufanyeje basi?

Shumba_Mjini: Takwimu, sheikh. Kwenye mazungumzo ya mgao, yaani nani avue jodari kiasi gani, historia ya uvuvi ni hoja kubwa. Jodari anayeshushwa diko bila kupimwa wala kuandikwa, mezani hayupo.