Jumamosi ya mizani

Shangazi Rehema 18:02
Jamani, somo la watoto ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Mada: tungamo (kiasi cha maada kwenye kitu) na uzito (nguvu ya mvuto juu yake). Nataka mizani mbili, ya springi na ya mikono miwili. Nani analeta nini? Jibuni leo.

Shangazi Rehema 18:40
Tiki za bluu naziona.

Musa 18:47
Ya springi ninayo. Mwisho wake nyutoni 10 (kipimo cha nguvu), yaani uzito wa kama kilo moja. Msining'inizie ndoo.

Salma 18:48
Ndoo tena 🙈

Musa 18:49
Ndiyo, ndoo. Springi ilivutwa ikapitiliza, hairudi. Haina kitu, mshale uko 0.4. Na mwenye ndoo yumo humu.

Baba Nuru 18:52
Shemeji, mwaka wa tatu huu!

Shangazi Rehema 18:53
Yaacheni hayo. Musa, zungusha skrubu ya juu mshale urudi sifuri. Kisha ijaribu: gramu 100 isome karibu 0.98, gramu 500 isome 4.9. Sifuri ikikaa sawa na 500 ikakosea, springi imekufa, usiilete.

Salma 18:55
Kumbe mwezini ningekuwa mwembamba 😂

Baba Nuru 18:56
Kitambi unakwenda nacho chote. Tungamo halibadiliki. Mvuto ndio mdogo: kila kilo inavutwa kwa nyutoni 1.6 badala ya 9.8.

Salma 18:56
Basi nahamia na kitambi changu

Shangazi Rehema 18:58
Salma! Mizani ya mikono miwili, NANI? Mvuto ukipungua, unapungua kwenye sahani zote mbili, jiwe na kilo vinabaki sare. Ya springi peke yake ndiyo inayosoma pungufu. Bila zote mbili watoto wataona nini?

Ami Saidi 19:20
Tuzamishe na jiwe majini. La gramu 500, ujazo sentimita za ujazo 200: hewani 4.9, majini karibu 2.9.

Shangazi Rehema 19:22
Hapana, kaka. Watasema uzito umepungua, wakati uzito ni uleule, maji ndiyo yanasukuma juu. Wiki nyingine.

Ami Saidi 19:23
Ndiyo maana nalitaka. Kosa hilo hata wakubwa wanalo.

Babu 20:31
Nimesoma. Bango mlilotuma limeandikwa "uzito: kg 5". Kilo ni ya tungamo. Uzito wake ni nyutoni, karibu 49. Lifuteni kwanza, mizani baadaye.

Shangazi Rehema 20:50
Sawa, Baba. Niliandika mimi. Nalirekebisha.

Salma 20:51
Shikamoo Babu 🙏

Babu 20:58
Marahaba. Na jiwe lizamishwe. Wakadirie kwanza, ndipo wapime.

Shangazi Rehema 21:05
Haya, litazamishwa. Ila ya mikono miwili bado sijasikia mtu.

Idi 23:16
Ndiyo naona sasa. Ninayo, ila sahani moja imepotea. Nitafunga kifuniko cha kopo, upande mwepesi niongeze mchanga mpaka mkono ulale sawa kabla ya kupima. Ni Jumamosi hii au ijayo?