Hiyo Osaka ya bei poa mnayotusimulia iko mtaa gani?

Wakuu, nimerudi hotelini miguu inawaka moto, kwa hiyo mtanisamehe nikifoka. Nyinyi mnaopakia video eti yeni imeshuka, njooni Japani mle mpaka mkinai, mbona mnasema nusu nusu?

Tuanze na Kuromon Ichiba, hilo soko wanaloliita jiko la Osaka. Asubuhi nimekuta foleni za wageni watupu, wote tunachunwa kwa zamu. Mshikaki mmoja wa nyama ya ng'ombe, vipande vya kuhesabu, ni maelfu ya yeni. Kibanda kimoja kikaniuzia mguu wa kaa umejaa maji kuliko nyama, na muuzaji ananitabasamia kabisa! Nikakimbilia takoyaki, yale madonge ya unga yenye pweza, mtaa wa Dotonbori, nikijua mtu wa Pwani kwa pweza hadanganyiki. Donge zima la unga, ndani pweza saizi ya punje ya hindi. Pale Forodhani muuzaji angerudishiwa sahani yake.

Ukishakula, kijiti na karatasi unatupa wapi? Mapipa mengi ya hadharani yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Usalama, sawa, naelewa. Ila miaka 30 imepita na mimi nakatiza Shinsaibashi na mayonezi mfukoni.

Madukani ndiyo balaa. Bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa mara nyingi ni kabla ya kodi; ile yenye kodi imejibanza chini, soma ukiwa na miwani. Chakula cha kubeba kodi 8%, ukikaa kukila palepale 10%. Yaani kiti nacho kinalipiwa! Na msamaha wa kodi mnaousifia unaanzia manunuzi ya yeni 5,000 kwa duka moja siku moja, tena uwe na pasipoti yenyewe. Picha ya kwenye simu hawana habari nayo. Nani kati yenu aliwahi kulitaja hilo?

Tusiokula nguruwe ndio hatutajwi kabisa. Okonomiyaki ya kamba, ile chapati nene ya kabichi, naiona kwa macho inapikwa kwenye bamba lilelile lililotoka kukaangia nguruwe. Nikaondoka na njaa yangu. Jioni nikaketi kwenye baa moja ya vyakula, kikaletwa kibakuli cha mboga baridi ambacho sikuagiza. Nikadhani ukarimu. Kumbe ni tsukidashi, kimo kwenye bili, kila kichwa na chake, na huko baa za hivyo ndiyo kawaida yao.

Haki yao niwape: kisu nilichonunua Doguyasuji, ule mtaa wa vyombo vya jikoni karibu na eneo la Namba, ni kisu kwelikweli. Hakuna video yenu hata moja iliyonipeleka huko, nimepotea tu nikautokea.

Sasa mwenye risiti ya Kuromon aiweke hapa, bei zionekane. Video za kuchekacheka na mishikaki mkononi baki nazo.