Majibu ya wiki 12: 1 kwa 140, niyasomeje?

Mtarajiwa36
Wakuu, naomba mnisaidie kusoma majibu haya. Miaka 36, mimba wiki 12 na siku 2. Urefu wa mtoto milimita 58, uwazi wa shingoni (maji nyuma ya shingo ya mtoto) milimita 1.6. Kwenye damu, PAPP-A (protini ya kondo) MoM 0.38, hCG (homoni ya mimba) MoM 1.7; MoM 1 ndiyo kiwango cha kati cha mimba za umri huo. Chini wameandika: hali ya Down (mtoto kuwa na kromosomu 21 ya ziada), 1 kwa 140, "uwezekano mkubwa". Nishike lipi, namba au hilo neno?

MkungaZamu
Shika namba, dada. Kwenye mimba 140 zenye majibu kama hayo, watoto 139 hawana hali hiyo. "Mkubwa" ni mstari tu: wengine huuchora kwenye 150, wengine 250 au 300. Shingo iko sawa kwa urefu huo. Kilichopandisha hesabu ni damu.

Kwa hiyo anza na fomu. Uzito ulioandikwa ni wa siku ya kutoa damu? Sigara, kisukari, pacha, mimba ya kupandikizwa, vyote huingia kwenye hesabu. Umri wa mimba nao utoke kwenye zile milimita 58, si tarehe ya hedhi. PAPP-A hupanda kila wiki, hCG kipindi hiki hushuka. Mimba ikiandikwa kubwa kuliko ilivyo, ya kwanza itaonekana pungufu na ya pili imezidi: sura ileile ya Down.

Darubini
Fomu ikiwa safi, kuna kipimo cha vinasaba kwenye damu ya mama, kuanzia wiki 10. Kikija kizuri, uwezekano unashuka sana. Kikija kibaya, bado si jibu la mwisho, maana DNA ile hutoka kwenye kondo la nyuma, na kondo huweza kutofautiana na mtoto. "Kimeshindikana" mara nyingi ni DNA kuwa kidogo, chini ya asilimia 4 hivi, hasa mama akiwa na uzito mkubwa.

Uhakika uko kwenye sindano ya kuchukua sampuli: ya kondo wiki 11–14, ya maji yanayomzunguka mtoto kuanzia 15. Hatari ya mimba kutoka ni chini ya 1 kwa 200 kwa mkono uliozoea. Mwenye damu ya Rh hasi aulizie anti-D, sindano ya kuzuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72 baada ya kipimo hicho.

Mtarajiwa36
Cha vinasaba kikija kizuri, nimemaliza?

MkungaZamu
Kwa Down, karibu umemaliza. Ila PAPP-A chini ya 0.4 ni habari ya kondo pia. Wakati mwingine mtoto hukua taratibu. Ultrasaundi ya viungo wiki 18–22, kisha omba za ukuaji miezi mitatu ya mwisho. Na fomu hii uende nayo kliniki, kwani majibu ya vinasaba hayaonyeshi PAPP-A.