Njia mpya ya baiskeli za mlimani Rabai: tupimeje athari kabla ya kuchimba?

Pedali wa Nyali
Hamjambo wenzangu. Kikundi chetu hapa Mombasa kimeruhusiwa na wenye shamba upande wa Rabai kuchonga njia ya baiskeli za mlimani, kama kilomita 4, penye vichaka na miteremko. Twataka kupima athari kwa mazingira kabla jembe halijagusa ardhi. Tuanzie wapi, na kinachoharibu hasa ni nini?

Mpimaji Changamwe
Maji. Tairi hulegeza udongo, mvua ndiyo huubeba. Tembeeni mkondo wote wa njia na kipima mteremko (programu ya simu yatosha), na kila mita 20 mwandike namba mbili: mteremko wa kilima na mteremko wa njia. Wa njia usizidi nusu ya wa kilima. Kilima kikiwa asilimia 16, njia iwe 8 au chini. Ikizidi hapo, maji hayaikatizi njia tena, huifuata, na masika moja yatosha kuchimba mtaro. Ardhi tambarare nayo ina hatari yake: maji hayana pa kwenda, dimbwi linatuama, kila mwendeshaji analizunguka, na njia ya sentimita 70 inakuwa ya mita 3.

Kisha wekeni vituo vya kupimia. Pigilieni chuma kimoja kila upande, nje ya panapopita tairi, vichwa visawazishwe kwa pima maji. Vuteni kamba ikaze, mpime kutoka kambani hadi chini kila sentimita 10. Baada ya mvua rudieni palepale, jumlisheni tofauti, mzidishe kwa 10. Jumla ya tofauti ikifika sentimita 24, mmepoteza sentimita za mraba 240. Kwa urefu wa mita 50 hiyo ni mita za ujazo 1.2, takriban toroli 20 za udongo. Fuateni ulikoshukia: ukiingia kijitoni, tatizo limeshatoka shambani mwenu.

Na msisahau vituo vya kulinganisha, mita 10 hivi kando, kwenye mteremko uleule lakini pasipopitwa na mtu. Bila hivyo mtaibebesha baiskeli makosa ya mvua, au mtaiondolea yake.

Bi Mikoko
Ya udongo yametosha. Mimi naongeza ya miti na watu.

Rabai kuna Kaya Mudzimuvya, Bomu na Fimboni, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mkondo wenu ukielekea huko, hata pembezoni, nendeni kwa wazee wa kaya kabla hamjafunga utepe wa kwanza wa kuonyesha njia. Mahali pa makaburi na matambiko hapaonekani kwenye ramani ya simu.

Miti ihesabiwe kwenye ukanda wa mita 5 kila upande, si ile sentimita 70 tu, kwa sababu mizizi hukatwa na udongo hushindiliwa nje ya njia pia. Lantana na mwarobaini, mimea vamizi, ziandikwe zilipo sasa. Ukifungua kivuli, lantana ndiyo hukimbilia mwanga.

Lakini athari ambayo watu huisahau kabisa ni bodaboda. Njia nzuri ni njia ya mkato, na ikishapitwa na pikipiki, wachoma makaa nao hufuata. Kupunguza upana wa mlango wa njia hakusaidii: usukani wa baiskeli hizi hufika milimita 800, na panapopita huo hupita na pikipiki. Wekeni gogo imara la kimo cha sentimita 60. Baiskeli ya kilo 14 mtu huinua akavuka. Pikipiki ya zaidi ya kilo 100 haiinuki kirahisi.

Pedali wa Nyali
Ahsanteni sana. Vituo vingapi, na tupime lini? Na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, je?

Mpimaji Changamwe
Kwa kilomita 4, vituo 12 vya njia na 6 vya kulinganisha. Msivigawe sawasawa: vingi viwe kwenye kona, mivuko ya maji na sehemu kali, ndiko kunakoharibika kwanza. Pimeni Machi, kabla ya masika, kisha Julai, kisha Desemba vuli ikiisha. Picha zipigwe kutoka kigingi kilekile, kimo kilekile.

NEMA: mtahudumiwa na ofisi ya Kaunti ya Kilifi, si ya Mombasa. Jedwali la Pili la EMCA, sheria ya mazingira ya 1999, lililorekebishwa 2019, hugawa miradi kwa hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Wapelekeeni ramani na vipimo vya Machi, waseme mradi wenu umo kundi gani, kisha ndipo mnunue sururu.