Ripoti yangu "imekataliwa", malipo hakuna, kumbe wameitumia! Sisi wateja wa siri ni mazuzu?

Wakuu, samahani kwa uzi mrefu, ila leo nisipoandika nitapasuka.

Kwa wasioijua hii kazi: kampuni ya utafiti inakutuma benki, sheli au duka la simu ujifanye mteja wa kawaida. Ukitoka unajaza fomu ya kupima huduma. Kwenye grupu letu tunaitana mashushushu wa elfu nane, maana ndiyo bei ya kituo kimoja.

Watu wanadhani ni kula bata, eti unalipwa kununua soda. Thubutu! Ukiwa ndani huruhusiwi kuandika kitu. Yote unabeba kichwani: umeingia saa ngapi na dakika ngapi, sekunde ngapi mpaka ukasalimiwa, jina kwenye beji, sare, foleni ina watu wangapi, choo kina sabuni au hakina. Na mdomoni una uongo uliopangiwa. Mimi nimeshafungulia akaunti mtoto ambaye hajazaliwa. Nikitoka naweka simu sikioni kama naongea na shemeji, kumbe najirekodi: "Eeh shemeji, saa nne na dakika kumi na mbili, dirisha la tatu..." Kuna siku mlinzi alinifuata kuniuliza nahesabu nini. Jasho mpaka kwenye soksi. Ukigundulika, hulipwi.

Hesabu yenyewe sasa. Kwenye 8,000 wanakata asilimia 5 kodi ya zuio. Sawa, ni sheria, ila cheti cha hiyo kodi sijawahi kukiona hata siku moja. Nauli Mbagala mpaka Tegeta kwenda na kurudi inameza buku tatu, bando la kupandisha picha buku. Nabaki na 3,600, na yenyewe inaingia baada ya siku 45. Wakikumbuka.

Haya, kisa chenyewe. Mwezi uliopita nilipangiwa duka moja Tegeta. Kaunta kulikuwa na dada mmoja peke yake, foleni imefika mlangoni. Akanihudumia vizuri tu. Nikasahau chenji ya 2,000, akaniita nikiwa nimeshafika nje: "Kaka, hela yako hii." Swali la 14 kwenye fomu: je, mhudumu alikutajia ofa ya mwezi? Hakutaja, angeitaja saa ngapi na watu wote wale? Fomu haitaki sababu, inataka ndiyo au hapana. Nikabonyeza hapana. Habari ya chenji haina swali lake.

Siku tatu baadaye, ujumbe: ripoti imekataliwa, picha ya risiti haisomeki vizuri sehemu ya muda. Malipo sifuri, hata hela niliyonunulia vitu hairudi. Nikaumia, nikajisemea kosa langu, yaishe.

Wiki iliyopita saa tatu usiku mhakiki wao ananipigia. "Kaka, nithibitishie swali la 14, mwenye duka anahoji kwa nini tawi limeshuka alama."

Ripoti ipi? Si ile mliyoikataa? Kimya. Halafu eti, "Hayo ya malipo muulize mhasibu."

Yaani kwangu ripoti haifai, kwa mwenye duka inauzwa! Na jina la yule dada limo humo, na "hapana" yangu pembeni yake. Tangu siku ile usingizi wangu wa mang'amung'amu. Tumbo linawaka, nimeenda zahanati, daktari kaniuliza nafanya kazi gani nikabaki namtolea macho, maana nimesaini kutunza siri. Mke wangu mwenyewe anajua nasambaza vipeperushi.

Nimejaribu kujipunguzia presha. Sizidishi vituo viwili kwa siku, zile kazi za kumchokoza mhudumu uone kama atakasirika nimezikataa kabisa, na risiti napiga picha mara tatu kabla sijavuka mlango. Kukutana na wenzangu wawili Jumamosi tukatukana mpaka tukacheka kumenisaidia kuliko vidonge. Lakini hasira haijaisha.

Mkataba unasema mimi ni mtoa huduma binafsi, si mfanyakazi. Sasa mbona wananipangia saa ya kuingia, nguo za kuvaa na maneno ya kusema? Nimesoma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kinasema anayepangiwa saa na namna ya kufanya kazi anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuna aliyewahi kuwapeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, watu wa aina hii? Nasikia madai ya namna hii mwisho siku 60, mimi leo ni ya 23. Ujumbe wao wa kukataa ninao, na namba iliyopiga saa tatu usiku ninayo.

Wale wa "acha kazi" piteni kimyakimya, kodi ya chumba nadaiwa mimi.